Kupima mwangaza kwa mwangaza

Wasomaji wetu waliopata kusoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino watakumbuka kitabu cha 11, pahali anaposumbuka na swali la wakati. Atwaa mstari wa utenzi wa kanisa wenye silabi nane, fupi na ndefu kwa zamu. Aona kwamba silabi ndefu huipima kwa ile fupi, nayo yaizidi mara mbili. Mara ajikwaa: silabi fupi imekwisha kunyamaza kabla ndefu haijaanza kusikika. Tena ndefu yenyewe haipimiki mpaka imekwisha, na ikiisha haipo tena. Kipimo kimepita, na kitu cha kupimwa kimepita. Basi apima nini? Jibu lake ni kwamba apima alama iliyobaki katika kumbukumbu.

Wengi wadhani swali hilo ni la filozofia tu, halina kazi katika mambo ya mashini na vyombo. Sivyo. Katika miaka ya 1960 wenye elimu ya fizika walikutana na swali lile lile ndani ya laboratwari zao. Walikuwa wametengeneza mwangaza unaowaka na kuzimika upesi hata hapakuwa na chombo cho chote duniani cha kuufuata. Twataka kueleza hapa namna walivyoupima, namna walivyoweza kudanganyika, na namna walivyojisahihisha wenyewe. Sehemu ile ya kudanganyika twaomba isomwe kwa uangalifu, maana yatuhusu sisi sote tunaofundisha watu.

1. Cheche mbili

Mama auzaye unga sokoni hupima kwa kopo, na kopo ni dogo kuliko gunia. Kwa wakati ni vile vile. Siku twaipima kwa saa, saa kwa dakika, dakika kwa segonde. Anayetaka kupima jambo lipitalo upesi, yampasa kutafuta jambo jingine lipitalo upesi zaidi.

Katika miaka ya 1860 Mjerumani August Toepler alitaka kuona wimbi la sauti likienda hewani. Aliwasha cheche ya umeme, nayo ikalia. Baada ya kitambo kidogo sana akawasha cheche ya pili, nayo ikaangaza. Kwa mwangaza wa cheche ya pili aliona wimbi la ile ya kwanza kana kwamba limesimama. Alipobadili kitambo kati ya cheche hizo mbili, aliona wimbi limefika mbele zaidi. Jambo la kwanza laanzisha, jambo la pili latazama: kanuni hiyo yatumika mpaka leo.

Mwaka 1899, huko Paris, Henri Abraham na Jules Lemoine wakaongeza neno kubwa. Kabla yao, mwaka 1875, Mskoti John Kerr alikuwa amevumbua kwamba umeme hugeuza tabia ya vitu fulani vinavyopitisha mwangaza. Kerr alikuwa mtu aliyesoma teolojia, akafundisha hesabu katika shule ya walimu mjini Glasgow. Kwa uvumbuzi wake iliwezekana kutengeneza mlango wa mwangaza: umeme ukiwapo, mwangaza wapita, umeme ukikatika, mwangaza wazuiwa. Abraham na Lemoine waliuliza: umeme ukikatika, mlango huo wakawia muda gani kabla ya kufungika?

Walitumia cheche moja kwa kazi mbili. Cheche ilikata umeme. Na mwangaza wa cheche ile ile ulipelekwa mpaka kwenye vioo, ukarudishwa kupita katika mlango. Walipotaka mwangaza uchelewe, walisogeza vioo mbali zaidi. Metre chache zilitosha, na mwangaza ulikuta mlango umefungwa.

Tuangalie akili ya jambo hili. Mwangaza huenda karibu kilometre 300 000 kwa segonde moja, yaani sentimetre 30 kwa nanosegonde moja, na nanosegonde ni segonde iliyogawanywa mara elfu milioni. Hawakuwa na haja ya saa. Walipima wakati kwa kipimo cha seremala.

2. Lazeri

Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu katika California, Theodore Maiman aliwasha lazeri ya kwanza. Ilikuwa kipande cha yakuti kilichozungukwa na taa ya mwangaza mkali. Mwaka 1962 McClung na Hellwarth walitumia mlango wa Kerr kuuzuia mwangaza wa lazeri usitoke mpaka nguvu zimejaa ndani, kisha wakaufungua ghafula. Ukatoka mwangaza mkali wa kitambo kidogo sana. Mwangaza wa namna hiyo, unaowaka mara moja na kuzimika, tutauita hapa pigo la mwangaza, kama tusemavyo pigo la moyo. Vyombo vya umeme vya siku zile viliweza bado kulifuata.

Kisha ikaja hatua nyingine. Ndani ya lazeri mna mawimbi mengi ambayo rangi zao zatofautiana kidogo. Kama kila wimbi laenda kwa saa yake, jumla yake ni makelele, sawasawa na sokoni ambapo kila mtu asema neno lake. Lakini mawimbi yote yakilazimishwa kwenda kwa mpango mmoja, yakutana pamoja na kuwa pigo moja kali, kisha kimya, kama watu mia wanaopiga makofi mara moja. Hargrove, Fork na Pollack walifanya hivyo mwaka 1964. Mwaka 1966 Anthony DeMaria na wenzake, huko Connecticut, wakapata mapigo mafupi zaidi kwa lazeri ya kioo kilichotiwa neodimi.

Mafupi kiasi gani? Hapo ndipo penye shida. Osiloskopi iliyo bora ilichora mstari wenye upana wa chombo chenyewe, wala si wa pigo. Mtu mwenye brashi nene hawezi kuchora unywele. Kila unywele atakaochora utakuwa na unene wa brashi yake. Hesabu ilisema kwamba mapigo hayo ni ya pikosegonde chache. Pikosegonde ni nanosegonde iliyogawanywa mara elfu; kwa muda huo mwangaza wasafiri milimetre 0,3 tu. Lakini hesabu peke yake si ushahidi. Mtu hakuwa na tukio lo lote mkononi lililo fupi kuliko pigo hilo, ili alipimie. Makopo yalikuwa yamekwisha.

3. Pigo lijipime lenyewe

Njia iliyopatikana yafanana na ile ya Augustino. Kama hakuna kipimo cha nje, na tushike nakala ya jambo lenyewe. Kwa kioo kinachopitisha nusu ya mwangaza na kurudisha nusu, pigo moja lagawanywa kuwa mapacha wawili. Pacha mmoja apita njia isiyobadilika. Mwingine apelekwa kwenye kioo kinachoweza kusogezwa, arudi. Kioo kikisogezwa nyuma milimetre 0,15, pacha huyo achelewa pikosegonde 1, maana njia yaongezeka katika kwenda na katika kurudi. Kisha mapacha wakutanishwa tena.

Lakini nani atatuambia kama wamefika pamoja? Hapo lilisaidia neno lililovumbuliwa mwaka 1961 na Peter Franken na wenzake katika universite ya Michigan. Walipeleka mwangaza mwekundu wa yakuti katika kristali ya kwarzi, ukatoka na mwangaza mwingine ndani yake, usioonekana kwa macho, ambao urefu wa wimbi lake ni nusu ya ule wa kwanza. Alama yake katika foto ilikuwa nukta ndogo sana. Habari yao ilipochapwa, nukta ilikuwa imefutwa, kwa kuwa ilidhaniwa ni uchafu. Ukabaki mshale unaoonyesha pahali patupu!

Mwangaza huo mpya una tabia moja yenye faida. Mwangaza wa kwanza ukiongezwa mara mbili, huo mpya waongezeka mara nne. Basi mapacha wakifika pamoja katika kristali, mwangaza mpya wazidi. Wakifika mmoja mmoja, wapungua. Mpimaji asogeza kioo kidogo kidogo na kuandika kila mara nguvu aliyoiona. Maandiko hayo yafanya umbo la kilima, na upana wa kilima watoa habari ya urefu wa pigo. Maier, Kaiser na Giordmaine mwaka 1966, kisha Armstrong wa IBM huko Marekani na Weber wa Berne huko Uswisi mwaka 1967, waliifungua njia hiyo.

Mwaka ule ule wa 1967 Giordmaine, Rentzepis, Shapiro na Wecht, wa laboratwari za Bell huko Marekani, wakatoa njia nyepesi zaidi. Mapigo mawili yaliachwa yakutane uso kwa uso ndani ya maji ya dawa yenye kung'aa. Dawa hiyo hung'aa kadiri inavyomeza vipande viwili vya mwangaza kwa pamoja, kwa hiyo ilizidi kung'aa pale mapigo yalipopandana. Foto moja iliyopigwa kutoka kando ilionyesha alama angavu yenye urefu wa sehemu ya milimetre, na urefu huo ukageuzwa kwa hesabu kuwa pikosegonde. Kazi iliyotaka mapigo mengi na kioo cha kusogezwa, sasa yafanyika kwa foto moja! Si ajabu kwamba njia hiyo ilipokewa kwa furaha.

4. Shahidi anayesema ndiyo kwa kila mtu

Mwaka 1968 mashaka yakaingia katika furaha hiyo.

Fikiri mwangaza usio na mpango, unaodumu muda mrefu, ambao nguvu zake zapanda na kushuka ovyo kama uso wa ziwa wakati wa upepo. Ugawanye kuwa mapacha, uwakutanishe. Mmoja akichelewa, mawimbi yake hayapatani na ya mwenzake. Lakini wakifika kwa wakati mmoja kabisa, kila kilima cha huyu chakaa juu ya kilima cha yule, maana ni nakala yake. Hapo tu mwangaza wazidi. Basi katika foto yatokea alama fupi angavu, sawasawa na ile ya pigo fupi. Kumbe hakuna pigo fupi lo lote! Alama yatuambia upesi wa kupanda na kushuka kwa ule mwangaza. Haituambii hata kidogo umedumu muda gani.

Maana yake ni nzito. Mtu aliweza kuwa na lazeri isiyo na mpango wo wote, akapiga foto, akaona alama, akatangaza kwa moyo mnyofu kwamba ana mapigo ya pikosegonde. Hakusema uongo. Chombo chake hakikuharibika. Alama ilikuwapo kweli. Kosa lilikuwa kwamba hakuuliza: je, kuna jambo jingine liwezalo kuniletea alama hii hii? Shahidi wake alikuwa shahidi anayesema ndiyo kwa kila mtu, na ndiyo ya shahidi kama huyo haina thamani.

Jambo hili lilielezwa wazi mwaka 1968 katika habari ya Klauder, Duguay, Giordmaine na Shapiro. Tuyaangalie majina hayo. Giordmaine na Shapiro ni wawili wa wale wanne waliotoa njia ya foto mwaka uliotangulia. Walitia majina yao chini ya habari inayoonyesha mipaka ya kazi yao wenyewe.

Tena hawakubomoa tu, bali walionyesha namna ya kutofautisha. Tofauti haimo katika urefu wa alama, imo katika kiasi cha kung'aa kwake. Kwa mapigo safi, katikati hung'aa mara 3 kupita kando. Kwa mwangaza usio na mpango, katikati hung'aa mara 1,5 tu. Basi haikutosha tena kuonyesha alama. Ilimpasa kila mpimaji kupima pia kung'aa kwa katikati na kwa kando, na kutoa hesabu yake. Wengi walipata namba iliyo chini ya 3. Walikuwa na kitu kweli, lakini si kile kitu safi walichofikiri.

5. Shahidi wa pili

Kesi isiyoaminika kwa shahidi mmoja yatafutiwa wa pili, asiyetoka nyumba ile ile. Huyo alipatikana kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilirudi kwa Kerr. Mwaka 1969 Michel Duguay na Hansen, katika laboratwari za Bell, walitengeneza mlango wa Kerr usiofunguliwa kwa umeme wa waya, bali kwa pigo kali la mwangaza lenyewe. Mlango huo ulikuwa wazi kwa muda wa pikosegonde 10 hivi. Kufika mwaka 1971 Duguay na Mattick waliutumia kupiga foto ya pigo la rangi ya majani likiwa njiani, ndani ya maji yaliyotiwa maziwa kidogo ili mwangaza uonekane kutoka kando. Katika foto laonekana doa refu la mwangaza limesimama katikati ya chombo, halijafika upande wa pili. Mtu aliona sasa kwa macho yake mwangaza ukiwa safarini.

Njia ya pili ni mashini ambayo ndani yake mwangaza wabadilishwa kuwa elektroni, nazo zasukumwa kando upesi sana, kama mtu anayemwaga maji huku akikimbia. Zilizotangulia zaanguka pahali pamoja, zilizochelewa zaanguka mbali kidogo, na wakati wasomwa kama urefu juu ya kioo. Daniel Bradley na wenzake huko Uingereza walikuwa kati ya waliopima mapigo ya lazeri kwa namna hiyo, mwaka 1971. Mashini hiyo haina mapacha. Kwa hiyo haiwezi kudanganyika kwa kosa lile la mapacha.

6. Umbo lililofichwa

Lazeri nazo hazikungoja. Mwaka 1974 Shank na Ippen walipata mapigo yaliyo chini ya pikosegonde 1. Mwaka 1981 Fork, Greene na Shank walifika femtosegonde 90, na mwaka 1987 Fork, Shank na wenzao walifika femtosegonde 6. Femtosegonde ni pikosegonde iliyogawanywa mara elfu. Ukitaka kuelewa udogo wake, jua kwamba femtosegonde kwa segonde moja ni kama segonde moja kwa miaka karibu milioni 32. Mlango wa Kerr na mashini ya elektroni zilikuwa zimeachwa nyuma. Walirudi kwa mapacha.

Mapacha, hata wakitumiwa kwa uangalifu wote, wana upungufu mwingine. Kilima wanachoandika kina pande mbili zilizo sawa siku zote, hata kama pigo lenyewe limeinama upande mmoja. Maumbo mengi ya pigo yatoa kilima kimoja. Ndiyo maana mpimaji alilazimika kukisia umbo kwanza, kisha kugawanya. Tuseme kilima kina upana wa femtosegonde 100. Aliyekisia umbo linaloitwa la Gauss aligawanya kwa 1,41 na kupata karibu femtosegonde 71. Aliyekisia umbo jingine lililopendwa siku zile aligawanya kwa 1,54 na kupata karibu 65. Kilima kile kile, majibu mawili!

Kulikuwa na siri nyingine. Pigo fupi lina rangi nyingi ndani yake, na likipita katika kioo, nyekundu yatangulia na buluu yachelewa. Pigo larefuka, na rangi zake zafuatana kama sauti ya ndege inayopanda. Je, rangi zimefika pamoja au kwa mfuatano? Kilima cha mapacha hakikuweza kujibu sawasawa.

Je, ilikuwa na faida gani kujua? Tumtazame Mwafrika mmoja, Ahmed Zewail, aliyezaliwa mwaka 1946 huko Damanhur, nchini Misri, akafundisha California. Alitumia kanuni ya Toepler: pigo la kwanza lavunja molekuli, pigo la pili latazama. Mwaka 1987 yeye na wenzake waliona kifungo kati ya atomi kikikatika kwa femtosegonde 200 hivi. Kwa kazi ya namna hiyo alipewa Zawadi ya Nobel ya kemia mwaka 1999. Lakini mtu awezaje kusema kifungo kimekatika kwa muda fulani, kama hajui pigo alilotazamia ni refu kiasi gani? Asiyejua urefu wa kipimo chake hajapima neno.

7. Chura na buibui

Mwaka 1991 Rick Trebino na Daniel Kane, huko Livermore katika California, walianza kutumia njia mpya. Mapacha wakutanishwa kama zamani, lakini mwangaza mpya haupimwi nguvu tu. Wapelekwa katika chombo kinachotenga rangi, na kwa kila uchelewesho rangi zote zaandikwa. Matokeo si kilima tena, ni ukurasa mzima, sawasawa na ukurasa wa noti za muziki: upande mmoja wakati, upande mwingine sauti. Kisha ordinatere, yaani mashini ya kuhesabu, yatafuta pigo ambalo lingeandika ukurasa huo.

Uzuri wake umo katika wingi wa mashahidi. Tuseme twapima machelewesho 64, na kwa kila moja rangi 64. Tuna namba 4 096. Lakini pigo lenyewe laweza kuelezwa kwa namba 128 tu. Basi mashahidi ni wengi kuliko maswali. Kama mpimaji amekosea, au kama chombo kimepinda, namba hizo zitagombana, na hakuna pigo lo lote litakalozipatanisha zote. Njia ya zamani ilitoa jibu kila mara, kweli au si kweli. Njia hii yaweza kusema: hapana, umenipa habari mbaya.

Hata hivyo nayo ina mipaka yake. Katika namna yake inayotumiwa sana, ile ya kristali ya Franken, haijui mbele na nyuma. Pigo lililogeuzwa latoa ukurasa ule ule. Dawa yake ni rahisi: tia kipande cha kioo njiani, upime tena. Kwa kuwa twajua kioo huchelewesha buluu, twajua sasa upande upi ndio wa mbele.

Njia hiyo waliipa jina FROG, ambalo kwa Kiingereza ni chura. Mwaka 1998 Chris Iaconis na Ian Walmsley, huko Rochester, wakatoa njia nyingine, inayolinganisha nakala mbili za pigo ambazo rangi zake zimesogezwa kidogo. Wakaiita SPIDER, yaani buibui. Mwaka 2001 Trebino na wenzake, huko Atlanta, wakatengeneza chura mwepesi, mwenye vyombo vichache, wakamwita GRENOUILLE. Wasomaji wetu wanaojua Kifaransa watacheka, maana ni chura yule yule. Mchezo wa majina usitudanganye: sasa maabara zaweza kupima pigo moja kwa chura na kwa buibui, mashahidi wa nyumba mbili, na kuona kama wanapatana.

8. Mlango wa mwisho mpaka sasa

Wimbi moja la mwangaza mwekundu wa lazeri zinazotumiwa sana ladumu femtosegonde 2,7 hivi. Pigo haliwezi kuwa fupi kuliko wimbi lake. Kwa hiyo waliotaka kupita hapo iliwapasa kutafuta mwangaza wa mawimbi mafupi zaidi. Mwaka 1987, huko Ufaransa, Anne L'Huillier na wenzake walipeleka lazeri kali katika gazi, wakaona unatoka mwangaza wenye mawimbi mafupi mengi yaliyopangana. Hesabu ilisema kwamba humo mna mapigo ya atosegonde, yaani femtosegonde iliyogawanywa mara elfu. Lakini kwa mara nyingine hesabu si ushahidi. Mwangaza wa namna hiyo hauna kristali ya kuupitisha. Wamezwa na kila kitu.

Ushahidi ulipatikana mwaka 2001. Huko Saclay, karibu na Paris, Pierre Agostini na wenzake waliacha mwangaza huo uzitoe elektroni katika gazi ya argoni, huku wakitia na mwangaza wa lazeri yenyewe. Waliposogeza uchelewesho kati ya hizo mbili, hesabu ya elektroni fulani ilipanda na kushuka, na kwa mpando huo walijua kwamba mapigo, yaliyofuatana kama mnyororo, yalikuwa ya atosegonde 250. Mwaka ule ule, huko Vienna, Ferenc Krausz na wenzake walipima pigo moja la peke yake la atosegonde 650. Watatu hao, Agostini, Krausz na L'Huillier, walipewa Zawadi ya Nobel ya fizika mwaka 2023.

Tuone kilichotokea. Katika kazi hizo, wimbi la lazeri, lile la femtosegonde 2,7, limekuwa mshale wa saa. Kitu kilichokuwa kirefu mno kuwa kopo kilitumiwa kwa namna ya akili, kwa kuangalia si urefu wake, bali kupanda na kushuka kwake.

Tumalize. Augustino alishika alama iliyobaki katika kumbukumbu. Watu hawa walishika nakala ya mwangaza, wakaichelewesha, wakailinganisha na mwenzake. Lakini fundisho tunaloliona kubwa zaidi ni lile la mwaka 1968. Kila mmoja wetu ana foto yake yenye alama angavu. Mwalimu wa dini amaliza somo, auliza: “Mmeelewa?” Darasa lote lajibu: “Ndiyo!” Aenda nyumbani na furaha. Lakini waliojifunza wangejibu ndiyo, na waliosinzia wangejibu ndiyo. Hajapima neno. Na aulize swali ambalo asiyejua hawezi kulijibu, ndipo atakapojua. Na akigundua kwamba njia yake ya zamani ilimdanganya, afanye kama Giordmaine na Shapiro: aliandike kosa lake yeye mwenyewe, atie na jina lake chini.